Muhula wa mazingira: nenda, ila usiache shamba yatima

Siku hizi napigiwa simu na vijana wanaosoma chuo huku wanalima nyanya na vitunguu, na swali ni moja: "Bwana shamba, kuna programu ya sayansi ya mazingira ya muhula mmoja. Niende au nibaki na shamba?"

Msimamo wangu ni huu: nenda, ila malizana na maswali manne kwanza.

Kwa nini nasema nenda? Chukua mfuko wa urea wa kilo 50. Ndani yake mna kilo 23 za naitrojeni, na zote umezilipia. Ukiweka halafu mvua kubwa ikanyesha, sehemu inazama chini ya mizizi au inakwenda na maji. Wengi wetu tunajua inapotea, ila kupima ni kiasi gani hatujui. Muhula mzuri unakufundisha kupima.

Mfano ni ule wa Marine Biological Laboratory, pale Woods Hole, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni wiki 15. Wanafunzi wanachukua sampuli kwenye misitu, mabwawa na ghuba, wanazipima wenyewe maabara, na wiki za mwisho kila mmoja anafanya utafiti wake. Jirani hapo kuna ghuba ya Waquoit, ambako naitrojeni kutoka kwenye vyoo vya majumbani imepita chini ya ardhi hadi kwenye maji, na nyasi za baharini zikapungua sana. Sasa angalia bustani zetu zilivyojipanga kando ya mito, halafu jiulize maji ya kunywa tunachota wapi.

Haya, maswali yenyewe.

Kwanza, krediti. Kwa utaratibu wa TCU, mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, kwa hiyo muhula ni kama 60. Nenda kwa mkuu wa idara na orodha ya masomo ya huko, akuandikie yapi yatahesabika. Ahadi ya mdomo haitoshi. Bila karatasi, unaweza kurudi ukaambiwa urudie muhula mzima.

Pili, gharama. Ada ni mwanzo tu. Kuna viza, bima ya afya, tiketi, malazi na chakula. Kama unasoma kwa mkopo, ulize Bodi ya Mikopo fedha yako inakuwaje ukiwa nje ya chuo. Na tafadhali, usiuze pampu ya maji ili ulipe tiketi. Kama ufadhili haujapatikana, subiri mwaka mwingine.

Tatu, vitendo. Omba ratiba, uhesabu siku za uwandani na za maabara. Kama ni mihadhara mitupu, baki nyumbani. Mihadhara unayo chuoni kwako.

Nne, kalenda, na hapa ndipo vijana wengi hawafikirii. Wiki 15 ni nyanya kutoka kitaluni hadi michumo ya kwanza. Muhula wa Septemba hadi Desemba unakula vuli yote. Kwa wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini, ndio wakati wa kuandaa shamba na kupanda mahindi.

Ndiyo maana siungi mkono kilimo cha simu, kwamba uko ng'ambo unamwelekeza kibarua kwa WhatsApp ekari tatu za nyanya. Kantangaze hasubiri mtandao urudi. Ushauri wangu: punguza eneo. Bakiza nusu ekari ya zao lisilo na usumbufu, kwa msimamizi mliyeandikiana malipo. Sehemu nyingine panda mikunde kama fiwi, ardhi ipumzike na ipate naitrojeni. Daftari la matumizi lianze kabla hujaondoka, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Utapoteza mapato ya msimu mmoja, hilo sikufichi. Lakini kijana anayejua kupima udongo na maji yake ananunua mbolea anayoihitaji tu, na majirani watamfuata. Watu wa namna hiyo huku kwetu ni wachache mno.

Kama una barua ya kukubaliwa mkononi, njoo nayo ofisini tupige hesabu ya shamba lako kabla hujasaini.