Simu Mpya Zashindana: Mnunuzi Wetu Anapata Nini?

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia nyumbani jioni. Aliketi, akanywa chai akaimaliza, kisha ndipo akanieleza haja iliyomleta. "Mjomba," akasema, "naomba unisaidie pesa za kutanguliza. Nimeona simu mpya dukani, na zilizobaki watakubali nilipe pole pole." Mpwa wangu huyu ni seremala. Hutengeneza vitanda na makabati, na simu aliyo nayo hajaitumia zaidi ya miaka miwili. Nikamwuliza, "Kwani ile yako imeharibika?" Akajibu, "La, mjomba, haijaharibika. Lakini hii mpya ina kamera nne."

Sikumjibu papo hapo, kwa maana ombi la mpwa si jambo la kukatiwa mlangoni. Lakini tangu jioni hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nadhani wasomaji wengi wamewahi kujiuliza. Hizi kampuni kubwa zinazoshindana kila mwaka kutuletea simu mpya zenye mambo mapya, zashindana kwa ajili ya nani? Je, ni sisi tunaotumikiwa, au ni sisi tunaoyatumikia mashindano hayo kwa jasho letu?

Turudi nyuma kidogo. Mwezi wa Januari mwaka 2007, huko San Francisco, Marekani, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisimama mbele ya watu akawaonyesha simu ya iPhone. Simu hiyo haikuwa na vibonye vya kuandikia. Ilikuwa na kioo cha kugusa kwa kidole. Ulimwengu ulistaajabu, na ulikuwa na haki ya kustaajabu. Mwaka uliofuata ikatoka simu ya kwanza yenye kutumia programu ya Android ya Google, na tangu hapo mashindano hayajapoa hata siku moja.

Lakini katika mwaka huo huo wa 2007, mwezi wa Machi, hapa kwetu Kenya, Safaricom ilianzisha M-Pesa. Mtu aliyekuwa Nairobi aliweza kumtumia mama yake fedha hadi Butere bila ya kumkabidhi dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu ifike. Tena aliweza kufanya hivyo kwa simu ndogo kabisa, ile tuliyoipa jina la mulika mwizi. Hapakuhitajika kioo kikubwa wala kamera. Nawaomba wasomaji wanijibu kwa haki: katika vitu hivyo viwili vya mwaka mmoja, ni kipi kilichobadilisha zaidi maisha ya mama anayeuza mboga?

Sisemi hivi kwa kuidharau iPhone. Nasema ili tukumbuke ya kwamba kitu kipya hakipimwi kwa kung'aa kwake. Hupimwa kwa shida iliyoondoka baada ya kuja kwake. Nami naona ya kwamba kipimo hiki tumekiacha, tukakubali kupimiwa kwa kipimo cha wenye kuuza.

Yatazameni mashindano yenyewe. Mwaka 2011 kampuni ya Samsung ilitoa simu ya Galaxy Note, na wengi wakaicheka kwa ukubwa wake. Mwaka 2014 Apple nao wakatoa iPhone 6 Plus, yenye kioo kikubwa kuliko cha Note ile ya kwanza. Mwaka 2016 Apple wakaondoa tundu la waya wa kusikilizia katika iPhone 7. Samsung wakawakejeli kwa jambo hilo, lakini ilipofika mwaka 2019 Galaxy Note 10 ikatoka nayo haina tundu. Mwaka 2020 Apple wakaacha kutia chaja ndani ya boksi la iPhone 12. Samsung wakawakejeli tena, na kabla ya miezi minne kupita, Januari 2021, simu yao ya Galaxy S21 ikatoka bila chaja.

Angalia basi, ndugu msomaji. Katika mifano hii mitatu, miwili si ya mnunuzi kuongezewa kitu, bali ni ya kupunguziwa. Alipunguziwa kwa Apple, na alipokimbilia kwa Samsung akapunguziwa vile vile. Kampuni zilieleza ya kwamba kuacha chaja ni kupunguza taka duniani, na hoja hiyo haikosi ukweli. Lakini yule ambaye hakuwa na chaja ya kufaa ilimbidi atie mkono mfukoni mara ya pili.

Kisha zikaja simu za kukunjwa. Galaxy Fold ya Samsung ilikuwa itoke Aprili 2019, lakini baadhi ya wale waliopewa kuijaribu wakaona vioo vyake vikiharibika katika siku chache, na ikabidi iahirishwe hadi Septemba. Mwezi wa Septemba 2024 Huawei ya Uchina ikapiga hatua nyingine kwa Mate XT, simu ambayo hukunjwa mara mbili kama barua. Huo ni ufundi wa hali ya juu, na sitaki kumnyima fundi sifa yake. Tena najua ya kwamba vitu vingi huanza kwa matajiri kisha vikashuka kwetu. Hata kamera ya simu ilianza hivyo. Hata hivyo, bei ya simu kama hiyo yapita ile ya pikipiki mpya, na pikipiki humlisha mwenyewe. Ni shida gani ya mwananchi iliyomfanya mtu akeshe akibuni simu ya kukunjwa?

Ukitaka kuona ubunifu uliozaliwa na shida ya mtu, itazame Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003. Walioibuni walijua ya kwamba wako watu wanaorudi nyumbani gizani, na wanaoishi penye vumbi. Wakaitia tochi, wakavifunika vibonye kwa mpira ili vumbi lisipenye. Ziliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani kote. Haikuwa na kamera hata moja.

Baadaye zikaingia sokoni kwetu simu za Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja ya Uchina iitwayo Transsion. Hawa walitazama mifuko yetu wakaona jambo. Wakati ule kupiga simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo watu walitembea na laini mbili, wakifungua simu kila mara kutoa hii na kutia ile. Wengine walibeba simu mbili. Transsion ilikuwa miongoni mwa walioleta simu za bei nafuu zenye nafasi mbili za laini. Apple walifikia kuweka laini mbili katika iPhone mwaka 2018, miaka kumi hivi baadaye. Wakati huo seremala na mama mboga wa hapa walikuwa wamekwisha kulizoea jambo hilo.

Sasa nirudi kwenye kamera, kwa kuwa ndiyo iliyomleta mpwa wangu. Wale wa rika langu wanazikumbuka picha za harusi za zamani. Gauni la bibi harusi laonekana lote, hata uzi wa shela, lakini uso wake ni giza tupu, utadhani amesimama kivulini. Tulidhani ni kosa la mpiga picha. Kumbe kwa miaka mingi filamu za rangi na mitambo ya kuzisafisha zilipimwa kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Uso mweupe ndio uliokuwa kipimo, na nyuso zetu zikaachwa zijitafutie mwanga wenyewe.

Zilipokuja kamera za simu, dosari hiyo haikwisha mara moja. Tecno walijipatia wateja wengi barani Afrika kwa kuzirekebisha kamera zao ili zimwonyeshe mtu mweusi kama alivyo. Google nao, walipotoa Pixel 6 mwaka 2021, walitia ndani yake utaratibu waliouita Real Tone kwa kusudi hilo hilo. Naona ya kwamba hili ni jambo kubwa kuliko kukunja kioo. Picha ndiyo kumbukumbu ya jamaa. Mjukuu atakayezaliwa miaka 30 ijayo atamjua bibi yake kwa picha, na ni haki yake amwone bibi mwenyewe, si kivuli chake. Kamera moja inayokujua uso wako ni bora kuliko kamera nne zisizokujua. Tena fundi yeyote mkweli atakwambia ya kwamba katika simu nyingi za bei nafuu, kati ya hayo macho mengi ya mgongoni, moja au mawili hayana kazi kubwa ila kuhesabiwa.

Na kama ilivyo kwa uso, ndivyo ilivyo kwa ulimi. Mwezi wa Januari 2024 Samsung walitoa Galaxy S24, wakajivunia ya kwamba yaweza kutafsiri mazungumzo ya simu papo kwa papo. Lugha zilizoanza nazo zilikuwa 13. Kiswahili hakikuwamo. UNESCO yasema ya kwamba wasemaji wa Kiswahili wanazidi milioni 200, na imekitengea siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Lakini simu hiyo ilipotoka, ililetwa madukani kwetu ikiwa kiziwi kwa lugha yetu. Sidhani ya kwamba walitudharau kwa makusudi. Nadhani hatukudai. Mteja anayenunua bila kuuliza hawezi kumlaumu mwenye duka.

Liko jambo lingine ambalo matangazo hayalipigii ngoma, nalo ni umri wa simu. Zamani betri ilitolewa kwa ukucha na kurudishwa kwa ukucha. Leo imefungiwa ndani kwa gundi, na kuibadilisha hapana budi umwendee fundi mwenye kifaa cha kuipasha moto. Pia simu huzeeka kwa ndani, programu zake za usalama zisipoletwa upya. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa S24, waliahidi kuzitunza programu za simu hizo kwa miaka 7. Hilo nalipongeza kwa mikono miwili. Lakini ahadi hiyo ilitolewa kwa simu za bei ya juu. Simu nafuu, ambazo ndizo zinazobeba fedha za wengi wetu, nyingi hazipewi umri kama huo. Maskini ndiye anayelazimika kununua tena upesi.

Wengine watasema ya kwamba sisi ni wadogo, hatuwezi kuziambia kampuni hizo lolote. Lakini nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria ya kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2024 simu mpya ziwe na tundu moja la kuchajia, la aina ya USB-C. Apple walilipinga jambo hilo, lakini mwaka 2023 iPhone 15 ikatoka na tundu hilo hilo. Sheria ilinena, na kampuni ikasikia. Nasi tunayo pa kuanzia. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River. Maadamu simu zaunganishwa hapa, na mikono ya vijana wetu, kwa nini tusidai ya kwamba betri yake itoke kwa urahisi, vipuri vyake vipatikane, na maelezo yake yawe kwa Kiswahili safi?

Sasa, mpwa wangu alipata nini? Kwanza alinipa hoja ambayo sikuwa nayo. Aliniambia, "Mjomba, wateja wangu hawaji kwenye karakana. Mimi huwatumia picha ya kitanda, nao huagiza. Picha mbaya ni kitanda kisichouzwa." Nikakiri ya kwamba hapo nilishindwa. Kwake kamera si pambo, ni chombo cha kazi kama randa na msumeno. Basi tukaenda pamoja dukani, barabara ya Luthuli. Nikamwomba muuzaji aturuhusu tuijaribu simu ile. Mpwa wangu akalipiga picha kabati lililokuwapo dukani, akanipiga na mimi, kisha akafanya vivyo hivyo kwa simu yake ya zamani. Tukaziweka simu mbili sambamba tukatazama. Rangi ya mbao ilikuwa ile ile. Uso wangu na mikunjo yake ulikuwa ule ule.

Alicheka mwenyewe. Kisha nikamwuliza simu yake ya zamani yamsumbua nini hasa. Akasema, "Chaji. Ikifika saa nane mchana imekufa, na mteja akipiga hanipati." Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake siku zote, naye hakuitaja kwa kuwa tangazo lilimwambia shida yake ni kamera. Tukavuka barabara kwa fundi, betri ikabadilishwa tukisubiri. Zile pesa za kutanguliza alizoomba nilimpa vile vile, akaongezea juu ya msumeno wa umeme.

Labda mwakani atanunua simu mpya, na ikimfaa sitamzuia. Ninachowaomba wasomaji ni hiki: kabla hujaambiwa na kampuni unahitaji nini, jiulize kwanza mwenyewe simu yako yakusumbua nini. Ukishalijua hilo, nenda dukani ukaulize kama ile mpya yaliondoa. Muuzaji akijibu kwa kukuhesabia kamera, mwage kwa heri.