Kishikio si cha Waoga

Leo hakuna mapishi. Kuna kitu kinanikereketa, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Miezi michache iliyopita nilipost video nikikata viazi vya kripsi kwa slaisa, ile ya ubao na wembe katikati. Mkono mtupu. Vipande vikiteremka kama karata, watu wakamwaga laiki. Kile kishikio cha plastiki cha kulinda vidole nilikitupa kwenye droo siku ya kwanza, kwa sababu kinaziba kiazi, na kamera inataka kuona kiazi.

Wiki hiyo hiyo dadangu mdogo akaniiga. Kiazi kilipobaki kidogo, kidole gumba kikapita kwenye wembe, kipande cha ngozi kikaenda. Tulikandamiza kwa kitambaa safi, mkono juu, damu ikakataa kusimama. Tukaishia hospitali. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Lakini wewe hujikatangi." Hiyo ndiyo iliniuma.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: sisi tunaopiga video tukikata bila kishikio hatuonyeshi ufundi. Tunafundisha watu kujikata. Yangu nimeifuta.

Najua mtasema, "Jamaa wa kripsi pale stejini anakata gunia zima mkono mtupu." Sawa. Kwanza muombe akuonyeshe vidole. Halafu yeye hufanya hiyo kazi kila siku. Wewe unafanya Jumapili moja kwa mwezi, macho yakiwa kwenye simu.

Ukienda kununua, iwe supamaketi au Kamukunji, usianze kuuliza ina nyembe ngapi. Anza na kishikio. Kina meno ya kushika kiazi? Kinateleza vizuri kwenye ubao? Kama hakuna, rudisha. Kisha iweke mezani uisukume. Miguu isiyo na mpira itahama ukiwa katikati ya kazi. Wembe uangalie mwisho. Ule wa umbo la V huingia kwenye nyanya ya kachumbari bila kuiponda sana. Na kama unene unabadilishwa, kripsi zinataka milimita 1 hadi 2 hivi.

Nyumbani, tandika kitambaa chenye unyevu chini yake. Kiazi kikibaki kidogo, achana nacho. Malizia kwa kisu ama kitupe kwa supu. Hakuna kipande cha kiazi chenye thamani ya kidole. Glavu ya kuzuia kukatwa inasaidia, lakini si hizi nyepesi za plastiki. Wembe ukiwa butu, badilisha, kwa sababu utasukuma kwa nguvu na mkono utateleza. Na tafadhali usiiache kwenye sinki lenye povu mtu mwingine aipapase. Ioshe hapo hapo kwa buroshi, chini ya maji yanayotiririka.

Dadangu amepona, ingawa anasema ncha ya kidole bado haihisi vizuri. Video zangu mpya zina kishikio, kiazi hakionekani vizuri, na laiki zimepungua. Ni sawa tu. Kama wewe pia unapiga video za jikoni, toa kishikio chako kwenye droo. Kuna mtoto wa mtu anakuangalia.