Mahari si duka: wazazi waache kusingizia simu

Kwenye vikao vingi vya familia, toka Butembo na Goma mpaka Bukavu na Uvira, wazazi wanarudilia neno moja: simu ndiyo imeharibu watoto. Wanasema zamani kijana hakumfikia binti bila kupitia watu wazima, na leo WhatsApp imebomoa yote. Neno hilo linapendeza masikio, lakini si kweli. Simu haikuandika faktire ya mahari. Simu haikumtoa binti wa miaka 15 kwa mwanaume mzima ndani ya kambi. Hayo yamefanywa na watu wazima.

Zamani, Wanande walihesabu mahari kwa mbuzi, Washi kwa ng'ombe. Lakini kabla ya mnyama kulikuwa kazi ndefu. Shangazi alichunguza tabia, baba wadogo walienda kuuliza habari za ukoo, kasiksi ikanywewa, watu wakajuana. Kijana hakubeba mzigo peke yake: wajomba na ndugu walichanga, na mara nyingi mali ilitolewa kidogo kidogo. Mahari ilikuwa kamba ya kufunga familia mbili. Tena, wanaosifu zamani waseme yote: mabinti wengi hawakuulizwa kama wanapenda, na wengine walibebwa kwa nguvu.

Leo kijana anapewa karatasi: dola, suti ya baba, vitenge vya mama, magunia ya mchele, makasha ya bia. Anaombwa kulipa wakati anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, ao wakati shamba lake limebaki Masisi na ng'ombe zimeporwa. Anaisoma, ananyamaza, kisha anaishi na binti bila ndoa, ile wanaita kwa Lingala yaka tofanda. Wazazi wanalalamika kwamba kijana hana adabu, lakini ni wao walifunga mlango wa mbele.

Anayelipa ni mwanamke. Siku mume anakufa ao anakimbia, wakwe wanamwambia: wewe hukutolewa mahari, toka kwenye parseli. Hana karatasi ya ndoa ya kuonyesha, na watoto wanamtazama.

Ndani ya makambi na kwa familia zinazopokea wakimbizi wa vita, ni vibaya zaidi. Wako wazazi wanaotoa mtoto kwa pesa kidogo ili tumbo moja lipungue chini ya bashi. Wako wengine ambao, mtoto akibakwa, wanapokea mbuzi na kusema mambo yamekwisha. Njaa ni ya kweli na hakuna wa kuwacheka. Lakini mbuzi analiwa siku moja, na mtoto anabaki na jeraha maisha yote.

Sheria iko wazi. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilikubali msichana aolewe akiwa na miaka 15. Ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016: sasa ni miaka 18 kwa wote wawili. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza hata uchumba wa watoto. Na wazazi wanaosema «serikali yenyewe inaomba mahari» wanasema nusu tu. Ndiyo, inaomba, lakini inakubali itolewe sehemu, na inakubali iwe kitu kidogo cha alama tu, hata kama desturi inasema ingine.

Watajibu kwamba binti wa mahari ndogo atadharauliwa. Kinyume chake: mwanaume aliyekopa kila mahali ndiye anamwambia bibi yake siku ya ugomvi, «nilikununua.» Heshima ya binti ililindwa na watu walioshuhudia, wale ambao mume aliogopa kuwaaibisha. Bei haikumlinda mtu.

Basi wazee wa makambi, machifu, wapasta na maimamu wakae na wazazi na wakubaliane jambo moja kwa sauti: mbuzi mmoja ao bei yake inatosha wakati huu wa vita, kinachobaki kitatolewa siku amani itarudi, ndoa iandikishwe kwenye komini, na hakuna mtoto chini ya miaka 18 atakayetolewa. Binti aulizwe kwanza, mbele ya wote, na akikataa kikao kifungwe.

Na ile simu inayosingiziwa, itumike. Baba mdogo yuko Nakivale kule Uganda, shangazi yuko Nyarugusu kule Tanzania, mjomba amebaki kijijini. Wapigiwe, wasikilize, waulize maswali, watoe baraka. Vita imetawanya familia. Simu inaweza kuzikusanya kwa saa moja. Desturi itapona hivyo, si kwa kuongeza gunia lingine la mchele kwenye faktire.