Waandishi wa Programu Nao ni Watafiti
Huko Kilifi, nchini Kenya, ambako mpango wa utafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na shirika la Wellcome Trust ulianza mwaka 1989 na ambako vizazi, vifo na uhamaji wa wakazi wapatao 300,000 huandikwa, ubora wa matokeo hutegemea pia namna programu za uchambuzi zinavyoundwa. Lugha ya programu ya R, inayotumiwa sana na wanatakwimu, ilirithi kutoka kwa lugha ya Scheme mtindo wa kifunksheni, yaani kujenga programu kwa kanuni ambazo, zikipewa data ile ile, hutoa jibu lile lile bila kuibadilisha data yenyewe, jambo linalorahisisha kugundua makosa. Kwa kuwa kosa dogo la msimbo laweza kupotosha idadi ya vifo vya watoto, ni haki waandishi wa programu watambuliwe kuwa watafiti kamili, na Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoko huko huko Kilifi, kiwafunze vijana mtindo huo mapema.