Kosa Tuliandike, Tusilifiche

Tunashika kalamu kwa sababu ya jambo lililotokea katika darasa letu la mwaka wa 8, nalo lingali linatusumbua roho.

Mwalimu alitupatia karta na uzi, akasema: pimeni njia ya reli toka Kindu mpaka Kongolo. Urefu wake unajulikana, ni kilometa 355. Kundi la kwanza walipata 320, la pili 340, la tatu 375. Kundi la nne wakaleta 355 sawasawa, kosa sifuri! Darasa zima likapiga makofi. Kumbe uzi wao haukufunguliwa hata. Jibu walilitoa katika kitabu tu. Kundi hilo la nne ni siye tunaoandika.

Leo tunaona ya kuwa katika makundi manne, siye peke yetu hatukujifunza kitu. Kundi la kwanza walitoa 320 katika 355, zikabaki 35. Wakagawanya 35 kwa 355, wakazidisha mara 100: kosa lao 9,9 kwa mia. (Angalieni vizuri: tunagawanya kwa urefu wa kweli, si kwa ule tuliopima. Wengi wanakosea hapo.) Kisha wakatafuta sababu. Uzi ulikuwa unakata kona za reli. Wakapima tena polepole, wakapata 345, na kosa likashuka mpaka 2,8 kwa mia. Hiyo njo elimu. Sifuri yetu haikuweza kushuka wala kupanda, maana haikutoka ku kipimo chochote.

Mtu atauliza: mbona tusiseme tu «tumekosa kilometa 35», basi? Kwa sababu kosa moja halina uzito mmoja. Mzani wa kituo cha afya ukizidisha kilo 2 kwa mtu mzima wa kilo 60, kosa ni 3,3 kwa mia. Ukizidisha kilo 2 zile zile kwa mtoto wa kilo 10, kosa ni 20 kwa mia. Na kama dawa inapimwa kwa kufuata kilo, mtoto yule atapewa moja ya tano zaidi ya inayomfaa. Kesho mmoja wetu atakuwa mwuguzi. Akizoea leo kuandika sifuri bila kupima, mtoto atapona namna gani?

Walimu wetu, tunawaomba kwa heshima: msihesabu jibu peke yake. Mwenye 9,9 aliyeonyesha hesabu yake na sababu yake, apate alama kupita mwenye sifuri asiyepima. Tunaficha makosa kwa kuogopa alama mbaya, hakuna sababu ingine.

Na ninyi wandugu, fungueni uzi. Kukosa katika kupima si haya. Haya ni ile tuliyopata siye siku ile, tulipopigiwa makofi ya bure.

Siye wa kundi la nne, mwaka wa 8