Mganga Yule Alikuwa Wakili

MPAKANI
Na Nekesa Auma

Jumamosi iliyopita niliingia kibanda cha video kule Sofia, Busia ya upande wa Uganda, nikakaa benchi la nyuma. Ilikuwa inaonyeshwa Sheena, filamu ya Marekani ya mwaka 1984. Msichana wa Kizungu analelewa porini na mganga wa Wazambuli, kabila la kubuni. Mtafsiri alikuwa kwenye kipaza sauti akimwaga Kiganda, watu wakipiga kelele kila simba akitokea. Mganga alipokata roho, kijana wa mbele yangu aliinuka akaenda kununua chapati.

Nilitamani kumshika mkono nimrudishe. Mganga yule ni Elizabeth Bagaaya, binti wa George Rukidi, Omukama, yaani mfalme, wa Tooro nchini Uganda. Alisoma Gayaza, akaenda Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupokelewa kuwa wakili wa mahakama za Uingereza. Rais Obote alipofuta falme za Uganda mwaka 1967, kaka yake, aliyekuwa amemrithi baba yao, alipoteza kiti, naye akaalikwa London kwenye maonyesho ya mavazi. Kutoka hapo akafika Vogue, kisha New York, na mwaka 1969 uso wake ukawa kwenye jalada la Harper's Bazaar. Akacheza pia katika filamu iliyotokana na riwaya mbili za Chinua Achebe.

Kisha akaja Idi Amin, akatwaa urais. Alimfanya balozi, na Februari 1974 akampa Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka huohuo Bagaaya alihutubia Umoja wa Mataifa. Novemba akafukuzwa kazi kwa uzushi mchafu, kwamba eti alionekana na mwanamume Mzungu chooni katika uwanja wa ndege wa Paris. Magazeti ya Uingereza yaliyorukia uzushi ule yalikuja kumlipa fidia. Lakini hilo lilikuwa baadaye. Februari 1975 ilimbidi aokoe maisha yake, akatoroka akaingia Kenya.

Sisi wa mpakani hatuhitaji kuelezwa kutoroka huko kulivyokuwa. Miaka ile walimu, madaktari na wachuuzi walipenya njia za panya, hapa Busia na kule chini ya mwamba wa Tororo kuelekea Malaba, wengine wakiwa na nguo za mwilini tu. Shangazi yangu aliwapikia uji usiku bila kuwasha taa, na hakuwauliza majina.

Miaka tisa baada ya kukimbilia Kenya, Bagaaya alionekana katika filamu iliyopigwa Kenya hiyohiyo, na nafasi aliyopewa ni ya kumlea Mzungu na kufa mapema. Inaniuma. Nimeitazama filamu ile mara tatu, na kila mara namwona yeye tu: shingo imenyooka, sauti imetulia, anasema maneno mepesi kana kwamba yuko mbele ya jaji. Mlinganishe na mwigizaji wa Marekani Katharine Hepburn, aliyekuja Kongo na Uganda mwaka 1951 kupiga filamu ya The African Queen. Alipewa nafasi inayobeba filamu nzima, akateuliwa kuwania Oscar, na kitabu alichoandika kuhusu safari ile kinasomwa hadi leo. Bagaaya naye aliandika maisha yake, African Princess, mwaka 1983. Nimekiulizia Tororo mjini na Busia zote mbili, sikukipata.

Filamu ilipoisha nilimsubiri mtafsiri mlangoni. Nilimweleza yote, akanisikiliza huku akikunja waya wa kipaza sauti. Akauliza, "Mama, yule mganga? Waziri?" Nikamwambia waziri, na wakili, na mkimbizi. Akaokota kipande cha boksi, akanipa na kalamu.

"Niandikie jina. Wiki ijayo nitalisema kabla sijaiwasha."

Nikaandika kwa herufi kubwa, nikamwonyesha kwamba katikati ni a mbili.