Chambo cha trauti: amua kwanza samaki ataenda wapi

Tangu mvua ianze, swali ninaloulizwa sana huku mlimani si la mbolea wala la viwavi. Ni hili: "Afisa, trauti anashikwa na chambo gani?" Wanaouliza ni wenye vidimbwi ambao wageni wanakuja kuvua wikendi, na vijana wanaowatembeza watalii mtoni. Wengi wanataka nitaje kitu kimoja tu, waende wakakitafute.

Jibu langu wengine hawalipendi. Kabla hujauliza trauti anapenda nini, amua huyo samaki ukishamtoa majini ataenda wapi. Kama anaenda kwenye kikaango, una uhuru mkubwa. Kama utamrudisha kwa sababu ni mdogo, au kwa sababu mto una masharti, basi nyungunyungu aondoke kwenye mkebe wako kabisa. Na funza pia, na panzi mzima, na kila chambo ambacho samaki anaweza kukimeza kama chakula.

Najua mtasema nyungunyungu ndiye anashika. Kweli anashika, na hapo ndipo shida inapoanzia. Trauti akikutana na nyungunyungu anaonja nyama, anasikia harufu ya nyama, hana sababu ya kutema. Anameza. Wewe ukivuta mshipi, ndoana iko kooni au tumboni, karibu na moyo na mashavu anayopumulia. Unahangaika kuichomoa, damu inatoka, unamrudisha majini, anaogelea anaenda. Unafurahi kwamba amepona. Siku mbili baadaye amekufa chini ya jiwe ambapo hakuna anayemwona.

Nzi bandia ni tofauti. Ni unyoya na uzi juu ya ndoana ndogo, hana ladha yoyote. Trauti akimdaka anagundua mara moja kwamba amedanganywa, anataka kumtema, na ndoana inamshika mdomoni pembeni. Unaitoa kwa vidole. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani, Taylor na White, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za trauti waliovuliwa na kurudishwa. Waliovuliwa kwa chambo cha asili walikufa karibu 31 katika kila 100. Waliovuliwa kwa nzi bandia walikufa karibu 4. Sasa hiyo si tofauti ya kubishania.

Kumbukeni pia huyu samaki si wa kwetu wa asili. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na Ewart Grogan, yakatiwa Mto Gura kule Aberdare. Yule wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini, alifuata baadaye, na ndiye huyu tunayemfuga na anayezalishwa Kiganjo. Wote wanataka maji baridi, safi na yenye hewa nyingi. Maji yakifika nyuzi 20 anaanza kuteseka. Ndiyo maana anakaa juu kwenye Thego, Sagana, Burguret, Ragati na mito kama hiyo. Lakini maji baridi yana chakula kidogo, na samaki anakua polepole. Ukimuua mdogo mmoja bila kumla, umepoteza miaka, na kijana anayelipwa kuwaongoza wavuvi amepoteza samaki ambaye angevuliwa na kurudishwa mara kadhaa.

Halafu kuna suala la sheria. Kanuni za uvuvi wa trauti hapa Kenya kwa miaka mingi zimetaka leseni, ufito na mshipi, na nzi bandia. Si nyungunyungu. Kabla hujashuka mtoni pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti, na kama mto uko ndani ya hifadhi uliza pia getini. Nimeona vijana wananyang'anywa vifaa, na kila mmoja anasema hakujua.

Kuna wanaoniambia nzi bandia ni mambo ya wazungu na matajiri. Hapa nacheka kidogo. Kenya imekuwa ikifunga nzi bandia kwa miaka mingi na kuwauza Ulaya na Marekani; wanafungwa na akina mama na vijana, mezani, kwa mkono. Mzungu unayemwona mtoni na kisanduku chake cha nzi huenda amebeba kazi ya jirani yako. Na malighafi unayo nyumbani. Manyoya ya shingoni mwa jogoo, yale marefu membamba yanayong'aa, ndiyo yanayozungushwa kwenye ndoana yakasimama kama miguu ya mdudu. Ongeza uzi mweusi na sufu kidogo. Nzi anayeitwa Kenya Bug ni kidude cheusi tu cha aina hiyo, hana urembo wowote, na anashika. Jogoo ukimchinja Krismasi, usitupe ngozi ya shingo. Ikaushe kwa chumvi.

Sasa unachaguaje nzi? Usianze dukani, anza mtoni. Ingia pale maji hayafiki magotini, inua jiwe, geuza upande wa chini. Utaona vidudu bapa vyenye mikia mitatu vinakimbia, na vingine vimejijengea vibanda vya changarawe na vijiti. Hicho ndicho chakula cha trauti cha kila siku, si kile kilichoandikwa kwenye pakiti. Angalia ukubwa na rangi. Vingi huku kwetu ni vya kahawia au vyeusi na ni vidogo, kwa hiyo ndoana namba 12 au 14 inatosha, na kumbuka namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo. Ukifuata ukubwa na rangi, umbo si lazima liwe kamili. Samaki wa mto wenye njaa hana muda wa kukagua, maji yanapita haraka.

Wakati mwingi chagua nzi anayezama, kwa sababu trauti anakula zaidi chini kuliko juu. Lakini kuna siku za kumbikumbi. Mvua imenyesha usiku, asubuhi jua limetoka, kumbikumbi wanaruka na wengine wanaanguka mtoni. Siku hiyo utaona maji yanapasuka kila mahali. Funga nzi anayeelea, wa kahawia, mwenye mabawa, na usimame nyuma ya samaki, maana trauti hukaa ameelekeza kichwa maji yanakotoka. Trauti mkubwa wa kahawia naye anakula kaa wadogo wa mtoni, kwa hiyo nzi mnene kidogo, wa rangi ya tope, aliyekokotwa karibu na sakafu jioni, anaweza kukuletea samaki ambaye hukumtarajia.

Ugali na mkate hapana. Trauti wa mtoni hajui ugali. Hivyo ni vya perege wa mabwawa, mwachieni.

Kidimbwi ni hadithi nyingine. Huko samaki amezoea vidonge, na chochote kinachofanana na kidonge kitamvuta: donge la unga lililochanganywa na vidonge vilivyosagwa, nyungunyungu, hata chuma kinachong'aa. Mimi sina shida na nyungunyungu kidimbwini, kwa sharti moja tu, na liandike kwenye ubao mlangoni: ukimvua umemnunua. Mgeni asichague mkubwa na kurudisha wadogo watano waliomeza ndoana. Kuna mfugaji alinilalamikia kwamba kila Jumatatu anakuta samaki wanaelea, akadhani ni ugonjwa, akataka nimwandikie dawa. Tukapasua watatu. Wawili walikuwa na ndoana tumboni. Sasa wageni wake wanapewa nzi bandia kama wanataka kurudisha, na nyungunyungu kama wanalipia kila anayetoka. Dawa hakununua.

Kitu ninachokataa kote, mtoni na kidimbwini, ni chambo hai kilichotoka maji mengine. Usibebe visamaki kutoka kidimbwi cha huku ukavitumbukize mto wa kule. Unabeba na magonjwa, na wale wanaobaki unawamwaga. Wale kamba wekundu walipelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na mimea ya majini ilipata taabu kubwa. Kiumbe akishaingia kwenye maji, hakuna afisa wa kumtoa.

Mwisho kuna jambo linalotuhusu sisi wa mashamba zaidi ya wavuvi. Trauti anawinda kwa macho. Maji yakiwa safi, nzi bandia anafanya kazi. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, samaki haoni, anafuata harufu, na hapo kila mtu anarudia nyungunyungu na kusema afisa alidanganya. Tope hilo linatoka wapi? Linatoka kwenye viazi na kabichi vilivyolimwa hadi ukingoni. Sheria inataka uache angalau mita 6 kutoka mtoni. Wacha nyasi zikae hapo, matete, nepia ukitaka kukatia ng'ombe. Na bomba la kupulizia dawa lisioshewe mtoni. Dawa nyingi za wadudu tunazotumia kwenye nyanya ni za jamii ya pairethroidi, na hizo zinaua vile vidudu vya chini ya mawe kwa kiasi kidogo sana, na samaki pia. Ukigeuza mawe kumi usione mdudu hata mmoja, usiniulize chambo. Niulize ni nani anapulizia huko juu.

Kwa wanaoanza wiki hii: nunua ndoana namba 12, chukua koleo, bana kale kajino ka nyuma kanakozuia ndoana isichomoke. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, ule utelezi wake ndio ngozi yake ya kinga. Ikitokea amemeza, usichokonoe. Kata mshipi karibu na mdomo, mwache aende nayo. Ana nafasi nzuri zaidi hivyo kuliko ukimpasua koo. Mwenye ngozi ya jogoo mwekundu aniletee Ijumaa ofisini, nitamwonyesha namna ya kufunga.